Dohani Ambayo Fundi Mghendi Hajaijenga

Tarehe 30 Novemba 1957 Fundi Gibson Mghendi anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane katika karakana yetu ya ujenzi hapa Voi. Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, lakini mniruhusu kwanza nipumue, maana mtu huyu ametuchosha.

Alianza kwa kukoroga udongo. Kufikia 1938 ndiye aliyekuwa fundi wa dohani, yaani mabomba ya moshi, na hakuna nyumba ya milimani iliyochimbiwa msingi kabla hajasimama kiwanjani nusu siku akitazama upepo unakotoka. Nasi tulisimama naye, sururu mkononi. Moshi unataka njia iliyonyooka, alituambia kila mara, na mdomo wa dohani upite kilele cha paa kwa futi tatu. Ukuta usiomridhisha aliuvunja bila kuomba ruhusa. Kule Wundanyi alivunja mara mbili, na barua za kuomba radhi niliziandika mimi.

Hata hapa Voi, ambako mtu hutoka jasho akiwa amekaa kivulini, meneja mmoja alitaka meko ya kuotea moto sebuleni. Mghendi alimjengea kwa uangalifu uleule. Siku hizi kuku hutagia humo.

Mwaka 1953 mwalimu mmoja wa Mbololo alilalamika kwamba nyumba yake mpya imejaa moshi. Fundi alipanda mlima kwa miguu, akapanda na paa, akakuta gunia la mahindi ya mbegu limening'inia ndani ya dohani. Mke wa mwalimu aliyatundika humo yapate moshi, yasiliwe na wadudu, kama alivyozoea kuyaweka darini juu ya meko ya zamani. Fundi alirudi mweusi kwa masizi, akatugombeza sisi tusio na hatia.

Sasa niseme linaloniuma. Nyumba yake mwenyewe, hukohuko Mbololo, imechimbwa msingi mara tatu tangu 1951 na haina hata ukuta mmoja, kwa sababu dohani haijapata mahali. Muda huo wote mkewe, Wakesho, anapika katika nyumba ya nyasi iliyojaa moshi. Mwaka huu daktari amemwonya kwamba akiendelea hivyo atapofuka. Nilimwambia Fundi maneno makali, na siyafuti.

Juma lililopita tukikabidhi vifaa nilifungua droo yake. Nilikuta michoro arobaini na mmoja, yote ya nyumba hiyo moja. Katika kila mmoja, kando ya dohani, pana dari ndogo ya mahindi na kijidirisha cha kupitishia moshi kidogo. Nilipomuuliza, alikiri: kumbe Wakesho amekataa kuhamia nyumba isiyohifadhi mbegu zake, na Fundi alikuwa akitafuta njia ya kuokoa mbegu na macho pamoja. Miaka sita, na hakumuuliza mtu. Ochola, mwashi mwenzake, aliipitia yote akasema mchoro wa mwisho utafaa, na kwamba hata ule wa tatu ungefaa.

Kwa hiyo hatukununua saa wala blanketi. Jumamosi asubuhi sote tunapanda Mbololo na matofali, na mchoro wa tatu ninao mimi mfukoni. Fundi, asante kwa kutufunza kazi. Siku hiyo utakaa kwenye kiti, na upepo usiutazame. Tunakutakia uzee wa raha, na Mama Wakesho tunamtakia apike bila kufuta machozi.

Nzomo, karani wa karakana