Mwali Aliouzima Dada Bibiana

Ndugu waombolezaji, mimi ni Anselm, mdogo wake marehemu, nimetumwa na ukoo niwasomee maisha ya dada yetu Bibiana Kerketta, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1958 kijijini karibu na Gumla, akasoma kwa masista huko huko, kisha uhandisi mjini Ranchi, na mwaka 1981 akaajiriwa katika kiwanda cha chuma hapa Rourkela.

Tarehe 22 Novemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Patras Tirkey, msimamizi wa sehemu ya kutengeneza mabamba ya chuma kiwandani humo, wakajaliwa binti mmoja, Salomi, na ubishi usioisha.

Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba sehemu ya mabamba itafungwa kwa kula mafuta mengi mno, na nusu ya mtaa huu ingekosa kazi, shemeji akiwemo. Dada akaona kila idara inawasha moto wake na kutupa joto lake, gesi ya tanuru kubwa ikichomwa bure juu ya bomba refu huku sehemu ya mabamba ikinunua mafuta, akawakalisha wakuu wote meza moja, wakazozana mpaka chai ikapoa, lakini mwishowe kilichotupwa huku kikapelekwa kupasha chuma kule.

Mwali wa moto juu ya bomba ukazimika. Sisi tuliozoea kuuchungulia kila asubuhi ndipo tujue kazi ipo, tukaamini kiwanda kimekufa, tukajaa mlangoni kwake, mama mkwe wake akiwa mbele, “We mkamwana, umetuzimia riziki!” Dada akamshika mkono, “Mama, moto haujafa, umeingia ndani kufanya kazi, muulize mwanao.” Shemeji akakuna kichwa, “Kweli mama, leo kanishinda.” Sehemu ya mabamba haikufungwa.

Moyo ulianza kumsumbua Desemba 2023, na hata hoi kitandani alimgombeza mumewe kwa kuacha dirisha wazi hita ikiwaka, “Patras, unampashia nani joto huko nje?” Tulicheka huku tunalia. Alituacha tarehe 3 Februari 2024, mkono wake mkononi mwa shemeji, na uchungu wake hatuna pa kuuweka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wenzake wa kazini. Mtaona baadhi yao wanaondoka kabla hatujafika kaburini, msiwanung'unikie, wanawahi zamu ya mchana sehemu ya mabamba.

Pumzika kwa amani, dada, kazi ipo.