Historia ya Marehemu Mshamu Saadi, Aliyeitwa Ilitua

Assalaam aleykum, ndugu waombolezaji, masheikh wetu, wazee wa Maparoni mliovuka maji tangu alfajiri, na majirani wa hapa Kibiti mliotufungulia nyumba zenu. Kwa niaba ya ukoo wa mzee Saadi Abdala, mimi Zaidi Saadi, mdogo wake marehemu tuliofuatana ziwa, ambaye wengi mnanijua kama diwani, nimepewa kazi ya kuwasomea historia ya kaka yangu kabla hatujamswalia. Nakiri mbele yenu kwamba niliomba kazi hii apewe mtu mwingine, shemeji yangu Sihaba, mjane wa marehemu, akakataa, akasema atasoma Zaidi, na atasoma yote.

Marehemu Mshamu Saadi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Maparoni, wilaya ya Rufiji, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Saadi Abdala na bibi Mwanahawa Tamimu, wakulima wa mpunga, wote wametangulia mbele za haki. Alisoma Kurani kwa mwalimu wa kijijini, kisha akaingia shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966, akiongoza katika hesabu na akiwa wa mwisho katika kusoma kwa sauti, maana alikuwa na kigugumizi kikali, neno likimkwama darasa zima lilimngoja, na mimi niliyekuwa nyuma yake kwa madarasa mawili ndiye niliyekuwa nikiitwa kumsemea. Tangu hapo ikawa ada ya nyumba yetu, Mshamu hutenda, Zaidi husema, na wazazi wetu walicheka wakaona Mungu kagawa vizuri.

Mwaka 1968 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa injini, akarudi mwaka 1976 kutengeneza mashine za boti, na tarehe 2 Agosti 1979 alifunga ndoa na Sihaba Mudy wa Nyamwage, wakajaliwa watoto watatu, Salima, Mwanabibi na Abdala, ambao wote wako hapa. Mwaka 1988, milango ya nchi ilipofunguliwa na wageni wakaanza kuja kupima mikoko yetu kwa ajili ya kufuga kamba, marehemu aliajiriwa kuwa fundi wa boti zao, na humo kambini akakutana na mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa na helikopta ndogo mbili za kuchezea jioni, kila moja urefu wake mkono na nusu, zenye injini ya kweli na mapanga mawili juu, zinazoongozwa kwa rimoti kutoka chini. Mradi ule ulipokufa mwaka 1991, mhandisi alimwachia marehemu helikopta moja pamoja na rimoti yake, na madumu mawili ya mafuta yake maalumu, ambayo hayakumaliza hata miezi minne.

Hapo ndipo marehemu alipoanza kuchanganya mafuta yake mwenyewe, spiriti ya dukani na mafuta ya nyonyo, na injini kwa kunyweshwa mchanganyiko ule ikawa inazimika angani wakati wowote inaotaka. Mtu mwingine angekiweka chombo uvunguni akaendelea na boti, lakini kaka yangu aliamua kujifunza kukitua bila injini. Mwaka mzima wa 1992, maji yakitoka, alikuwa kwenye fungu la mchanga peke yake, anakipandisha, anaizima injini kwa makusudi, anayalaza mapanga bapa ili upepo wa kule kuanguka uyazungushe wenyewe, na kikibaki kimo cha kiuno cha mtu mzima anayainua mapanga yashike hewa, chombo kinasita, kinakaa chini. Nafasi ni moja tu, ukiwahi, mzunguko unakwisha chombo kingali juu nacho kinaporomoka, ukichelewa kinajipigiza, na marehemu aliwahi na kuchelewa mara nyingi sana, akachonga mapanga mengine kwa mabaki ya mninga, akarudi tena mchangani. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kaka yangu amerudia utoto, na watu walicheka, na mimi nilipenda sana watu wacheke nikisema.

Wageni wetu wa mbali wajue kwamba sisi wa delta, mpunga ukianza kuzaa, tunahamia mashambani na kulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo vinavyopita kimo cha mtu, tukilinda ndege mchana na nguruwe na viboko usiku, na kazi ya ulinzi ni kupiga debe. Aliyezaliwa dunguni hashtuki kelele, kelele ndiyo usingizi wake, kinachomshtua ni kimya, kwa sababu debe la jirani likinyamaza ghafla maana yake kiboko yuko chini ya nguzo, na ukisikia kimya hicho huulizi, unaruka upande wa pili na kukimbia. Marehemu alilijua hilo kama sisi sote, na alipoiomba serikali ya kijiji imruhusu kulinda bonde zima kwa helikopta yake, wazee wakauliza injini ikizimika juu ya madungu yenye watoto itakuwaje, aliahidi kuwaonyesha, akampa shemeji kalamu, akamtajia maneno ya kuandika, akanipa karatasi nikawasomee watu kabla hajaizima.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 12 Juni 1994, saa tatu asubuhi, bonde limejaa, watu wako chini na wengine wamekaa madunguni ili waone vizuri, na mwaka ule ndugu zangu mnakumbuka ulikuwa wa uchaguzi, vyama vimekuwa vingi na mimi nilikuwa nautaka udiwani kuliko nilivyotaka kitu chochote. Nikasimama na karatasi ya kaka yangu mfukoni, nikaanza na salamu, nikaingia kwenye barabara, nikaingia kwenye zahanati, watu wakapiga makofi, nikanogewa, nikasema tena mambo ya barabara, na Mshamu aliyesimama na rimoti mkononi alikuwa akinitazama nimalize, injini imekwisha washwa na mafuta yanakwisha, nami sikumtazama. Alipoona hawezi kungoja zaidi aliirusha, akazunguka bonde lote, ndege wakaruka wote kama alivyoahidi, kisha akaizima.

Kikawa kimya. Watu hawakutazama juu hata kidogo, waliruka kama walivyolelewa kuruka, kila dungu likamwaga watu wake, na bi Mwanamina, huyu ambaye leo amekaa pale safu ya mbele na mkongojo wake, alianguka kutoka kwenye dungu la mumewe akavunjika nyonga. Katika watu wote wa bonde lile ni wawili tu tuliobaki tumesimama tunaitazama helikopta ikishuka, kaka yangu na mimi, na naapa kwa Mwenyezi Mungu mbele ya jeneza hili, ilishuka kwa upole, ikasita kiunoni, ikakaa kwenye ardhi kavu mbele yangu, wima, mapanga yakiendelea kuzunguka polepole mpaka yakasimama yenyewe.

Sasa nasema jambo ambalo sijalisema kwa miaka mitano. Nilisikia Mwanamina analia, nikajua kwamba watu wakirudi wakaikuta imekaa wima watauliza kwa nini hawakuambiwa, na aliyepaswa kuwaambia ni mimi, basi nikanyoosha mguu wangu wa kulia, nikaisukuma ikalala ubavu, panga moja likavunjika. Mshamu aliniona. Watu waliporudi waliikuta imelala pale, wakasema imeanguka, nami nikasema ndiyo, imeanguka, imemshinda.

Kwenye kikao cha kijiji marehemu aliitwa ajieleze, akasimama, midomo ikatetemeka, likatoka neno moja tu kwa taabu, akalirudia na kulirudia, "Ilitua, ilitua," na kikao kizima kikaangua kicheko, mimi nikiwamo, nilicheka ndugu zangu, Mungu anisamehe. Alikatazwa kurusha chombo chochote, jina la Ilitua likamganda, na mwezi Oktoba nilishinda udiwani. Mwaka uliofuata alihamia hapa Kibiti na familia yake, akafungua banda la kutengeneza redio, na hata hapa jina lilimfuata, mkamwita Fundi Ilitua bila kujua lilikotoka, yeye akawa anaitika. Kila nilipopita nikienda vikao vya wilaya nilikaribishwa chai, shemeji aliyeiandika karatasi ile kwa mkono wake alinimiminia, hakuniuliza kitu, na sikuwahi kuimaliza chai ile ikiwa moto.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Februari mwaka huu wa 1999, akatibiwa hospitali ya wilaya, akapata nafuu, akarudishwa tena mwezi Juni. Nilikwenda kumwona tarehe 10 Julai, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kumwomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono, akatafuta maneno kwa muda mrefu, nami safari hii nikangoja, akasema, "Usiniambie mimi, mdogo wangu, mimi nilikuwapo. Kawaambie wao. Ngoja siku nitakayokuwa na watu wengi." Alifariki dunia tarehe 16 Julai 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Desturi yetu msemaji wa familia huwaomba waliohudhuria wamsamehe marehemu kama aliwakosea. Mimi sina la kuwaomba kwa ajili yake, siku ile hakumkosea mtu, ila naomba msamaha wenu kwa ajili yangu, nikianza na bi Mwanamina, aliyeletwa leo kwa kubebwa na ambaye kwa miaka yote hii amemlaani mtu asiye mkosaji. Udiwani nimeuacha, barua nimeipeleka jana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Kibiti waliokesha nasi, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga mabanda yao, mashua zilizoleta watu wa Maparoni bila kuuliza nauli, na shemeji yangu Sihaba, ambaye alinivumilia. Karatasi ya kaka yangu ninayo hapa, ni ileile, imechakaa kwenye mikunjo, ina mstari mmoja, nao ndio niliotumwa kuusoma tarehe 12 Juni 1994, nausoma sasa kama ulivyoandikwa.

"Injini itanyamaza. Msikimbie. Ndivyo inavyotua."

Ilitua, ndugu zangu. Niliiona kwa macho yangu. Pumzika, kaka Mshamu, kwa ile amani niliyokunyima.