Pengo Katika Mstari wa Mawe

Bisha kama umezoea kubisha, wewe unayesoma hapo na chai ya maziwa mkononi. Lakini siku utakayofika Khayega, pale bodaboda zinapoegeshwa karibu na kibanda cha Navalayo, uliza tu habari za jiwe la Bravin, uone watu wazima wakianza kuangalia viatu vyao. Benchi ni lile la ubao wa mkaratusi, mguu mmoja umezama matopeni. Mchana huo aliketi hapo Waziri, yaani mzee Osiako, mkulima wa miwa aliyepewa cheo hicho kwa sababu hujibu hata asipoulizwa. Kando yake Breki, fundi wa pikipiki ambaye mamake tu ndiye bado anamwita Isaiah. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, jua likawaka, na barabara nzima ikawa inafuka mvuke kama sufuria. Bravin hakuketi. Huyu ni kijana wa nduthi, hizo bodaboda, aliyeacha shule kidato cha pili na bado huongea kama mhadhiri. Mkewe, Awinja, alikuwa hospitalini Iguhu tangu alfajiri, uchungu umemshika, mimba yao ya kwanza. Na yeye alikuwa hapa, anatafuta watu wa kwenda kung'oa jiwe.

—Watatu tunatosha, alisema. Twende saa hii. Mtoto asifike kama hiyo jiwe bado imesimama.

—Mkeo analeta mtoto, wewe unatuletea jiwe, Breki alisema. Buda, uko sawa?

—Awinja ako na manesi. Jiwe haina mtu.

—Kwani jiwe na mtoto wameonana wapi? Navalayo aliuliza huku akimimina chai ya turungi.

Bravin alichukua kikombe, akakiweka chini bila kukionja.

—Mimi sing'oangi kitu sijui kimepandwaje, Waziri alisema. Eleza.

Hapo Bravin alipata pumzi. Kueleza ndiyo kazi yake.

—Mnajua wale watu wa filamu kutoka Nairobi? Wanarekodi habari za mawe ya zamani, yale watu walikuwa wanasimamisha kabla hata ya barabara. Wakauliza nani anajua kilima. Hawakuchukua chifu. Hawakuchukua mwalimu. Walichukua mimi.

—Kwa sababu ulikuwa na pikipiki, Breki alisema.

—Kwa sababu nilikuwa na akili! Nikawapandisha huko juu, nyuma ya shamba la akina Cornelius.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kilima kipi. Juu yake yamesimama mawe kwa mstari, marefu kama watoto wa shule, yote yametazama bonde. Kila moja lilisimamishwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, na siku ya kulisimamisha jina lake hutajwa kwa sauti. Tangu hapo mwenye jina ni jiwe, si mtu tena. Ukipita unalisalimu, unaenda zako. Katikati ya mstari kulikuwa na pengo, na kila mtoto wa Khayega amewahi kukatazwa kucheza hapo.

—Sasa yule dada wa kamera, mkubwa wao, akaangalia ile pengo, akasikitika. Akasema picha imeharibika, ni kama mdomo umeng'oka jino. Mimi nikaona, hiyo ni kitu ya kusumbua mtu? Nikashuka kwa mto, nikabeba jiwe kwa bega, peke yangu, nikaisimamisha.

Waziri aliacha kutafuna muwa wake.

—Wewe? Ulisimamisha jiwe kwa ile mstari?

—Kwa shimo ndogo tu, mzee. Jiwe ya kuazima tu. Nilikuwa naitoa wakimaliza.

—Na jina?

—Dada aliuliza, hii ni ya nani. Kamera ilikuwa kwa uso yangu. Nikataja jina.

—Ya nani?

—Ya kutunga.

Alijibu haraka mno. Navalayo alimtupia jicho, lakini Breki alikuwa amesharukia mbele.

—Basi si ung'oe tu. Kuna shida gani?

—Nilirudi jioni hiyo hiyo. Nikavuta. Breki, mimi nainuanga injini, unanijua. Haikutikisika. Nikachimba na jembe. Nilichimba mpaka kiuno, na jiwe bado inaenda chini. Na ilikuwa na kuvu, ile ya kijani ya miaka mingi, imeshika kote.

—Ni wachimba dhahabu, Breki alisema. Huko chini kumetobolewa kama sega la nyuki. Udongo unaivuta.

—Na kuvu imetoka wapi?

—Hiyo si jiwe yako basi, Breki alisema. Ile ya zamani ilikuwa imelala hapo chini, ikainuka, ikameza hii yako.

—Usinichekeshe, Navalayo alisema, na hakucheka.

—Nyinyi watoto, Waziri alisema polepole, mnafikiri ile pengo ni jiwe iliyoanguka. Haikuanguka. Babangu alisemanga hapo hapajawahi kusimama kitu. Waliacha nafasi. Wale wengine wamesimama wanangoja mtu, na hakuna anayejua ni nani. Lakini wanajua wao.

Mvuke ulizidi kupanda barabarani. Pikipiki ilipita, na hakuna aliyeinua mkono kumsalimu mwendeshaji.

—Kuna kitu mbaya zaidi, Bravin alisema, akatoa simu. Dada alinitumia video leo asubuhi. Hii ni ile walirekodi tukifika tu. Kabla sijashuka kwa mto.

Walisogeleana. Kwenye simu, ukungu ulikuwa ukipanda kilimani, na Bravin akitangulia, kifua mbele, anaelekeza kwa kidole kama mwenye shamba. Mawe yalipita nyuma yake moja baada ya jingine. Pengo halikuwepo. Mahali pake palisimama jiwe la kijani, fupi kuliko mengine, na Bravin yule wa kwenye simu alipolipita alipunguza mwendo, akalipapasa kichwani jinsi mtu anavyompapasa mtoto, akaendelea kutembea.

—Mimi sikufanya hivyo, Bravin alisema. Nilimpigia dada nikamuuliza. Akaniambia, pengo gani?

Breki alirudi mwisho wa benchi. Waziri alivaa kofia yake, akaivua tena.

—Twendeni basi, Bravin alisema, na ile sauti ya majigambo haikuwepo. Tafadhali wazee. Saa hii.

Hakuna aliyesimama. Ndipo bodaboda kutoka Iguhu ikafunga breki mbele yao, na Rachael, dadake Awinja, akashuka.

—Shemeji, mbona hushiki simu? Amejifungua! Ni kijana. Wote wako salama.

Navalayo alipiga kigelegele kimoja. Hakikuitikiwa.

—Mtoto amelia? Waziri aliuliza.

—Bado. Nesi anasema tusiogope, anapumua vizuri, ni mzito pia. Amenyamaza tu, anaangalia mlango kama mtu anangoja kuitwa. Rachael alicheka kidogo, akaona nyuso zao, akaacha. Sasa wanataka kumwandika. Awinja anasema mlishachagua jina lakini lazima litoke kwa baba. Mtoto anaitwa nani?

Swali lenyewe ni hilo tu. Breki aliangalia viatu. Waziri, anayejibu hata asipoulizwa, alifumba macho.

—Bravin. Anaitwa nani?

—Sikutunga, Bravin alisema. Nimewadanganya hapo. Kamera ilikuwa kwa uso, kichwa ikawa tupu, na mwezi mzima nilikuwa na jina moja tu kwa mdomo. Hata usiku nilikuwa naliita, kwa tumbo ya Awinja. Ndilo likatoka.

Aliketi, mara ya kwanza siku hiyo, pale penye matope.

—Ile jina, shemeji. Nilishapatia ile jiwe.