Shangazi wa Bitana za Kauri Aaga Karakana

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana hii, Shangazi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Uongozi ulimwomba aongeze mwaka mmoja. Alijibu kwamba amesikia, akaendelea kupiga msasa. Tumelichukua hilo kuwa hapana.

Kwa wale wageni: si shangazi yetu. Alipoajiriwa, mtunza stoo wa wakati ule alikuwa mtoto wa kaka yake, na siku ya kwanza alimwita dirishani kwa sauti, "Shangazi, glovu zako hizi!" Ikatosha. Tangu hapo ameitwa Shangazi na wafagizi, na wateja, na hata meneja aliyepita, ambaye alimzidi umri.

Kazi yake, kwa wenzetu wa uhasibu ambao huuliza kila mwaka, ni hii. Injini kubwa za dizeli hutoa moshi wa moto mkali kupitia njia zilizomo ndani ya silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu cha injini. Baadhi ya hedi huwa na bitana ya kauri, yaani tabaka la ndani, katika njia hizo, ili joto litoke na moshi badala ya kubaki kwenye chuma. Bitana ikipasuka, chuma huungua. Kipande kikibanduka, huenda moja kwa moja kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Turbo haipendi kauri. Shangazi husaga ule ufa, huujaza uji wa kauri, huuacha ukauke, kisha huoka hedi nzima kwa moto unaopanda polepole mno.

Hakuanza vizuri. Hedi yake ya kwanza ilirudi pamoja na turbo yake, vyote ndani ya ndoo. Msimamizi aliitazama ndoo, akamwambia, "Angalau hakuna kilichopotea." Shangazi alikuwa ameharakisha moto. Alikwenda nyuma ya stoo, akarudi macho mekundu, akaomba ile ndoo ikae mezani pake. Alipopewa meza kubwa zaidi, alihama nayo.

Lakini linalostahili nafasi katika jarida hili ni lile la mwaka wa mafuriko. Mvua ilipiga siku kadhaa mfululizo, na maji yakaanza kuingia ghorofa ya chini ya hospitali, kwenye wodi ya wazazi. Pampu ya kuyatoa ilikuwa moja, ya dizeli, na bitana ya hedi yake ilikuwa imepasuka. Hedi ililetwa kwetu kwa mkokoteni asubuhi. Shangazi aliujaza ufa, na ulipokauka, umeme ukakatika mtaa mzima. Tanuri letu ni la umeme.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwokaji mikate mwenye tanuri la kuni. Karakana ilimfahamu kwa jambo moja: kulalamika kwamba vumbi letu linatua kwenye mikate yake. Shangazi alivuka, maji yakimfika magotini, akamwambia anahitaji tanuri.

"Lina mikate," mwokaji alisema.

"Itoe."

"Haijaiva."

"Na wale watoto wodini hawajajua kuogelea."

Mwokaji alitoa mikate.

Mchana kutwa walikaa mbele ya tanuri hilo, yeye akisema moto uwe kiasi gani, mwokaji akiupima kwa kunyunyiza unga sakafuni mwa tanuri na kuangalia rangi yake. Dereva wa hospitali akaja mbio. Alisema maji yameshafika kwenye magurudumu ya vitanda, na kwa nini hawaongezi kuni? Mwokaji akashika gogo. Shangazi akamshika mkono.

"Ukiongeza sasa, pampu itafanya kazi kidogo tu, halafu hatutakuwa na pampu wala hedi."

"Una uhakika?" mwokaji aliuliza.

"Niliwahi kuharakisha. Weka chini."

Akaliweka chini. Dereva alisema maneno ambayo jarida hili halichapishi. Shangazi hakuinuka, mwokaji amethibitisha, mpaka hedi ikaiva na kupoa. Jioni mafundi waliifunga, pampu ikaunguruma, maji yakashuka. Akina mama wote walitoka wodini na watoto wao kwa mlango wa mbele. Mmoja alitaka kumpa mtoto jina la Shangazi. Alikuwa wa kiume, wakaacha.

Baada ya miezi michache mwokaji alivuka barabara, na hakutaja vumbi. Walioana, wana mabinti wawili sasa, na wote hawapendi mkate.

Wengine mmeuliza kwa nini anaondoka wakati bado ana nguvu. Hedi ikitoka kwenye tanuri, Shangazi huigonga kwa mpini wa mwiko na kusikiliza: bitana nzima hulia kama kikombe, mbovu hulia kama mlango. Mwezi Februari aligonga hedi moja, akagonga tena, akatuomba tuzime mashine zote. Tulizima. Karakana ikawa kimya kama sijawahi kuisikia. Akagonga mara ya tatu, kisha akampa mwiko dada mmoja ambaye yeye mwenyewe amemfundisha kazi hii.

"Sikiliza wewe. Mimi sauti siipati tena."

Dada aligonga. Ilikuwa nzima, sote tuliisikia. Alimwambia hivyo, akilia. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akaandika barua ya kustaafu kabla ya chakula cha mchana, na mchana akarudi kupiga msasa, kwa kuwa msasa, alisema, unaonekana kwa macho.

Shangazi, tunakushukuru kwa kazi, na kwa siku ile uliyotunyamazisha wote. Dada anaendelea vizuri. Nenda ukapumzike, ule, ulale, mwenzio akuongeleshe kwa sauti kubwa. Uwe na siku nyingi, za afya na za raha, na lolote utakalolianza huko, lipande polepole.