Mutu Moja, Jauge Moja: Mama Kahindo Anaaga Garaji

Tarehe 31 mwezi huu wa kumi, Mama Clémence Kahindo, fundi mkuu wa garaji yetu hapa Bunia, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Mimi Fabien, mtunza vipuri, nimeombwa niandike kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa mama huyu hana ufupi.

Alitoka Butembo akiwa msichana, akaanza kwa kuosha vipuri. Zamani wateja walimpita wakitafuta fundi. Siku hizi wanampita mkurugenzi wakimtafuta yeye. Ukimsalimia kabla hajanywa kahawa, shauri yako.

Lakini mji unamkumbuka zaidi kwa gari la Muzee Léon, mfanyabiashara wa samaki wa Kasenyi, kule ziwani chini ya mlima. Muzee alinunua gari la kifahari lililokwisha kutumika Ulaya, viti vyote vya ngozi, limbebe binti yake Joëlle siku ya arusi. Kumbe lilikuwa linakunywa mafuta ya moteri kama mlevi siku ya mshahara! Mafundi wengine walisema moteri imekufa. Arusi ilikuwa Jumamosi, na Muzee alishawatambia wakwe. Akaapa mbele yetu kwamba gari yake haina ugonjwa, iko inasikia tu njaa kidogo.

Mama Kahindo alivuta jauge, kile kijiti cha kupimia mafuta, akaguna. Moteri yenye njaa ilikuwa imejaa kupita kiasi. Akawaita Muzee, mke wake na shofere wao, akawasimamisha mbele ya kapo, kifuniko cha moteri, akauliza nani anaongeza mafuta. Lo! Kila mmoja alikuwa na bidoni yake, kidumu cha mafuta, mafichoni, akiongeza kwa siri, maana waliona haya kukiri kwamba gari la heshima linakunywa. Yaliyozidi yalikuwa yanaungua na kutoka kama moshi wa buluu. Raba za vali, zinazozuia mafuta yasipenye, nazo zilikuwa zimechoka, hilo ni kweli.

Mkurugenzi alitaka kulikataa gari, garaji isije ikaaibika. Mama akajibu kwamba likizima kwenye mlima wa Kasenyi, yeye ataacha kazi. Akapunguza mafuta, akabadilisha raba, akafunga utepe wa kitenge kwenye jauge na kumwachia mke wa Muzee peke yake kazi ya kupima. Sheria hiyo ingali ukutani kwetu: "Mutu moja, jauge moja." Jumamosi ile Joëlle alishuka mpaka kanisani Kasenyi, na jioni gari likampandisha mlima wote pamoja na bwana arusi, bila moshi, honi na vigelegele mpaka mjini. Mama alikuwa amesimama barabarani anasubiri. Ndiyo mara pekee niliyomwona analia.

Gari hilo bado linakunywa, ila kidogo, kama inavyoruhusiwa kwa umri wake. Ndilo litakalompeleka Mama kwenye shamba lake la kahawa huko Boga. Muzee Léon hakutaka kusikia habari ya gari lingine. Jana nimemkuta anazunguka kapo, bidoni chini ya koti, eti safari ni ndefu. Mama alinyoosha mkono, Muzee akaitoa, na sote tukacheka mpaka machozi.

Aksanti sana, mama yetu. Shamba likuzalie, magoti yapumzike, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Bidoni ya Muzee iko kwangu, nimeifungia stoo. Nami kapo sitaigusa: mutu moja, jauge moja.