Vitambaa vya Mzee Pindo

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemezwa ukutani kati ya milango miwili, wa kushoto wa kinyozi, wa kulia wa fundi cherehani, na anayekaa upande wa tofali lazima atulie kwa adabu, la sivyo wote wanakwenda chini na kahawa yao. Kinyozi anaitwa Upara, na sababu inaonekana toka mbali. Wa pili ni Waraka, karani mstaafu, aliyeandika barua za wakubwa miaka yote ya kazi na sasa hana wa kumwandikia. Wa tatu ndiye mwenye cherehani, Mzee Pindo. Alasiri hiyo, saa tisa na robo, Mzee Pindo hakuwa na raha hata chembe. Alishika simu kwa mikono miwili na kahawa yake ilikuwa imepoa kitambo.

— Nimefilisika, — akasema. — Sina sarafu hata moja.

— Za mfukoni au za mchezo? — akauliza Upara.

— Za mfukoni zingeninyima usingizi, bwana? Hizo nimezizoea. Za mchezo!

Mchezo wenyewe ni wa kwenye simu, na hapo kijiweni wanauita Ingia-Toka, maana jina lake halisi linauma ulimi. Unaingia uwanjani na silaha yako na begi tupu, unaokota mali, kisha unautafuta mlango wa kutokea kabla saa haijaisha. Ukitoka, mali ni yako, uza upate sarafu. Ukipigwa risasi humo ndani, begi na vilivyomo ni vya aliyekupiga. Mzee Pindo, mtu wa miaka hamsini na saba na miwani ya kuning'inia shingoni, hakuingia huko kwa kupenda bunduki. Alimfuata binti yake.

Binti yuko mbali, anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha biskuti. Mpigie simu, atakuambia, "Niko salama Baba, umekula?" na hapo mazungumzo yameisha. Lakini mweke uwanjani, mikono ikiwa na shughuli, mdomo unafunguka wenyewe: msimamizi mkali, mguu unaouma, yote atayasema. Jumatano iliyopita, wakiwa hatua chache kutoka mlangoni, alisema, "Baba, kuna jambo nataka kukwambia. Tutoke kwanza." Papo hapo Mzee Pindo akapigwa risasi, na ukishakufa sauti nayo inakatwa. Alipompigia simu baadaye, binti alicheka tu: "Tutaongea huko huko, Baba. Jumatano."

Na Jumatano ndiyo leo. Mapumziko ya binti ni saa kumi kamili. Uwanja wa kuingia wawili ni sarafu elfu sita, na ule wa bure unaingia peke yako kama yatima. Wiki nzima Mzee Pindo alikuwa amejiuliza jambo gani hilo. Ugonjwa? Kafukuzwa kazi? Kila akikanyaga cherehani, jambo lile lilizunguka naye.

— Nani vile alikuua? — akauliza Waraka.

— Mtu anajiita Mpole. Mpole, jamani! Nimeinama naokota kitambaa changu, ananitandika risasi ya mgongo. Mtu mzima, nimeinama!

Upara akaguna.

— Kitambaa tena?

— Kilikuwa kizuri.

— Mzee, wenzako wanaokota dhahabu, wanaokota dawa na vipuri. Wewe unairuka dhahabu unakimbilia matambara! Ndiyo maana begi linakuwa zito, mbio huna, unachapwa.

— Miaka thelathini na tano sijaacha kipande cha nguo sakafuni. Leo nianze?

Hilo lilikuwa kweli tupu. Chumbani mwake mabaki ya vitambaa yalijaa magunia mpaka darini, na ole wake mteja atakayeyaita takataka.

— Basi sikiliza, — Upara akasogea. — Ingia uwanja wa bure, jilaze nyuma ya mlango wa kutokea. Usiokote kitu. Wanaokuja na mabegi yamejaa, unawapokea.

— Kama Mpole alivyonipokea mimi? Siwezi, nitaona haya.

— Haya kwenye simu? Nani anakuona?

— Mimi mwenyewe najiona.

Waraka akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye hoja.

— Tatizo ni sheria. Mtu akifa, mali ni ya warithi wake. Inakuwaje muuaji ndiye anarithi? Tuwaandikie wenye mchezo barua, nakala kwa wahusika wote, tudai begi la marehemu.

— Marehemu ni nani?

— Ni wewe.

— Na barua yako itajibiwa kabla ya saa kumi?

— Aa, hapo sasa... Kwa kawaida miezi mitatu.

— Achana na barua, — Upara akadakia. — Ingia bila silaha, umevaa chupi tu, unyooshe mikono juu, uombe. Mtu gani atampiga mzee aliye uchi? Watakuchangia!

— Watamcheka, — akasema Waraka. — Bora ajifanye ndiye mlango. Asimame wima, asitikisike, watu wamkabidhi mizigo.

— Ajifanye mlango!

— Nimeshaona maofisini. Mtu anasimama mlangoni na daftari tu, kila anayepita anamwachia kitu.

Upara akacheka mpaka benchi likayumba na tofali likalia. Hata Mzee Pindo tabasamu lilimponyoka, kisha akatazama saa na likatoweka. Zilibaki dakika ishirini.

Ndipo akafika dada mmoja, mfuko begani, aliyekuja kuchukua suruali iliyotakiwa kuwa tayari tangu Jumatatu. Mzee Pindo akamwomba asubiri kidogo, kuna msiba. Dada akashtuka, akauliza nani amefariki, akaambiwa ni Mzee Pindo mwenyewe. Alipoelezwa yote alikaa upande wa tofali, akawaza, akauliza:

— Samahani, mzee. Zile mara ulizowahi kutoka salama, mali uliweka wapi?

— Ghalani, humu humu kwenye mchezo.

— Na ghalani mna nini?

Katika ushauri wote ule, hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Mzee Pindo akavaa miwani, akabonyeza, akasoma taratibu:

— Vitambaa. Mia tatu na kumi.

— Mia tatu! — Upara akaruka. — Na hapo chini kitufe hicho cha nini?

— Cha kushonea bendeji. Vitambaa viwili, bendeji moja, sarafu arobaini.

— Na hukukibonyeza kwa nini?

Mzee Pindo akainamisha kichwa.

— Mashine yao inashona yenyewe. Sikuiamini.

Waraka alishapiga hesabu kwa kidole hewani: bendeji mia na hamsini na tano, sarafu elfu sita na mia mbili. Mzee Pindo akabonyeza huku amefumba jicho moja. Mashine ikashona. Akakagua bendeji ya kwanza, akasema pindo limepinda, lakini akauza zote, akalipia uwanja.

Saa kumi kamili, sauti ya binti ikajaa benchini.

— Baba! Umekuja!

— Nimekuja, Mama. — Humwita hivyo kwa sababu binti amebeba jina la mama yake Mzee Pindo. — Sema.

— Tutoke kwanza.

Wakakimbia. Upara akapiga kelele za kulia na kushoto, dada akang'ata mkanda wa mfuko. Karibu kabisa na mlango, sakafuni, kilikuwa kipande cha hariri nyekundu. Mzee Pindo akasimama. Benchi zima likamwona anavyoteseka.

— Baba, twende!

Akakiruka. Mlango ukafunguka, wakatoka.

— Haya, — akasema. — Wewe ni mgonjwa?

— Mgonjwa nani! Baba, yule Mpole...

— Usinitajie huyo mshenzi!

— Ndiye jambo lenyewe. Tunataka kuoana. Nilimwambia aje uwanjani akuamkie. Akaona mtu ameinama na begi kubwa, akaogopa, akapiga. Wiki nzima hali chakula vizuri.

Kando yake ikasikika sauti ya kiume, nyembamba kwa woga:

— Shikamoo, mzee.

Mzee Pindo alitamani kunyamaza, lakini shikamoo huiachi hewani.

— Marahaba, — akasema kwa kuuma meno.

— Vitambaa vyako ninavyo vyote, mzee. Thelathini na kimoja. Sijauza hata kimoja. Nimevipanga kwa rangi.

— Kwa rangi?

— Ndiyo. Vyenye maua nimeviweka peke yake.

Mzee Pindo akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

— Mama, — akasema, — mlete huyo mtu nimwone.

Upara akapiga vigelegele vibaya kuliko vyote vilivyowahi kupigwa mtaani. Waraka akampa mkono marehemu. Dada akasubiri watulie.

— Samahani, mzee. Siku akija navyo hivyo vitambaa thelathini na kimoja, ni mahari au ni mali ya wizi imerudishwa?

Waraka akapapasa mfukoni kutafuta kalamu. Upara akakuna upara. Mzee Pindo akalishika birika la kahawa awamiminie wapate kufikiri, likatoa tone moja na mashapo.

— Kahawa imekwisha, — akasema, akainuka haraka kwenda kushona suruali.