Historia ya Ticha, Isomwayo Taratibu Mwanawe Akiwa Njiani

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, walimu mliofanya kazi na marehemu na wanafunzi wake mliofika, ninasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake anayemfuata, fundi cherehani ambaye wengi wenu mnanifahamu kwa suruali zenu, kuwasomea historia ya kaka yetu, tuliyemzoea sote kwa jina la Ticha, na kabla sijaanza naomba radhi kwamba nitasoma taratibu kuliko desturi. Mwongoza shughuli amenipa dakika kumi, na ratiba inasema saa nane na nusu jeneza liwe limeshushwa, lakini binti pekee wa marehemu hayupo hapa, yuko barabarani anakuja, na mimi sikai chini mpaka afike. Mwenye hasira anivumilie, tutagombana kesho.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Aprili 1968, katika nyumba hii mnayoiona, wakati huo ikiwa na vyumba viwili tu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, dereva wa lori la halmashauri, na marehemu mama yetu, aliyebaki na sisi peke yake baba alipofariki mwaka 1979, akatulea kwa jembe, kwa kuuza maandazi na kwa ulimi mkali ambao majirani wa siku nyingi hawajausahau.

Alianza shule ya msingi Januari 1976 na kumaliza 1982, na akiwa darasa la tano alichapwa viboko vinne kwa kumsahihisha mwalimu hesabu ubaoni, akafuta machozi, akanyoosha mkono, akasahihisha tena. Aliendelea na sekondari ya kutwa 1983 hadi 1986, kidato cha tano na sita 1987 hadi 1988, kisha chuo cha ualimu, na hatimaye chuo kikuu, alikohitimu shahada ya ualimu wa hisabati mwezi Novemba 1995, siku ambayo mama alivaa miwani ya kuazima ili aonekane mama wa msomi, na kwa sababu ya miwani hiyo akajikwaa ngazini mbele ya wakuu wote.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1996 katika sekondari ya wilaya yetu, akafundisha pale kwa miaka kumi na minne. Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, ambaye ndiye mjane wetu leo, na baada ya miaka minne ya kungoja na ya maneno ya watu, tarehe 22 Agosti 2007 wakajaliwa mtoto mmoja, binti, huyo ninayewaomba tumsubiri.

Tarehe 11 Januari 2010 marehemu alisafiri kwenda kufundisha hisabati nchi ya mbali, kwa mkataba wa miaka miwili ulioongezwa mara kwa mara hadi ikafika miaka kumi na moja na nusu, kwa makubaliano kwamba mkewe na mtoto wangemfuata, lakini kibali chao hakikutoka, kila mwaka walikuwa wakiambiwa karatasi moja haipo. Huko alipanga chumba juu ya karakana ya fundi viatu, ngazi kumi na saba, kitanda cha kukunjwa ukutani, dirisha moja linalotazama kituo cha basi, na harufu ya gundi ambayo alituambia ilikuwa imeingia hadi kwenye mkate.

Maisha yake ya huko tuliyajua kwa simu ya kila Jumapili saa kumi jioni, ambayo kwa haki ilikuwa simu ya mama, sisi wengine tulikuwa wasikilizaji tu. Alimsimulia kwamba wiki ya kwanza aliwasalimia watu wote kituoni, wameamkaje, watoto hawajambo, na watu wakasogea mbali mmoja mmoja mpaka akabaki na nguzo ya kituo, ila baada ya miezi mitatu bibi mmoja mwenye kigari cha soko alikuwa akimgombeza siku akichelewa kumsalimia. Alimsimulia kwamba kwenye chumba cha walimu vikombe vilitundikwa ukutani, naye akachukua kimoja chenye picha ya samaki akakinywea kwa wiki tatu, bila kujua kuwa ni cha makamu mkuu wa shule, ambaye kwa wiki zote hizo alikunywa chai kwa gilasi ya jamu asiseme neno, mpaka mwalimu wa kemia alipomnong'oneza marehemu kwenye mashine ya kurudufu. Mama alicheka hadi akanipa mimi simu, akisema, "Huyu nilimfundisha kuomba, kumbe sikumfundisha kuuliza cha nani!"

Alimsimulia pia alivyokwenda nyumbani kwa huyo mwalimu wa kemia siku ya Jumamosi bila taarifa, kama sisi tunavyotembeleana, na mwenyeji alipomwona mlangoni akaenda kuvaa viatu na kuchukua funguo za gari, akidhani kuna mtu amefariki, na alipoambiwa kuwa mgeni amekuja kusalimia tu, hakujua amfanye nini, akampa nyundo, wakatengeneza rafu ya vitabu hadi jioni. Urafiki ukaanzia hapo. Baada ya mwezi mwalimu yule naye akaja bila taarifa, akamkuta marehemu ana povu la sabuni mwilini, na wote wawili wakakubaliana kwamba taarifa nayo ina maana yake.

Hayo ndiyo aliyotusimulia ya kuchekesha, lakini mkewe aliambiwa na mengine, kwamba miezi ya baridi angeweza kutoka shuleni Ijumaa na asifungue kinywa mpaka Jumatatu, kwamba alikula akiwa amesimama kwa kuwa kukaa mezani peke yake kulimtia uchungu, na kwamba madaftari ya wanafunzi aliyasahihishia kwenye chumba cha mashine za kufulia za mtaani, hata siku ambayo hana cha kufua, kwa sababu pale palikuwa na watu. Kilichomsimamisha ni ile saa kumi ya Jumapili.

Nafika sasa mahali ambapo kikao cha familia kiliniambia niparuke, na siparuki. Mama yetu alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2014, na kikao cha familia kilichoketi chini ya uenyekiti wa baba mkubwa kiliamua kwamba Ticha asiambiwe, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa ukikaguliwa, hangewahi mazishi, na yuko peke yake kule, akianguka nani atamshika. Hayo ya nani atamshika niliyasema mimi, na watu wakaniambia nimenena. Basi Jumapili kwa Jumapili, kwa miezi kumi na moja, tukamwambia mama amelala, mama amekwenda kliniki, mama sauti imekauka, anakusalimu sana, na binti yake, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka saba, tukamketisha tukamfundisha kumwambia baba yake kwamba bibi amelala. Naye alisema vizuri, tukampa pipi.

Marehemu aliendelea kusimulia kama kawaida, kila mara akimalizia kwa kusema, "Mwambieni mama." Alisimulia alivyowekwa golikipa wa timu ya walimu kwa urefu wake tu, akafungwa mabao tisa na wanafunzi wake mwenyewe, na kila bao wakaja kumpa pole kwa adabu, akasema, "Mwambieni mama, hiyo ataipenda." Tukasema tutamwambia.

Mwezi Januari 2015 mmoja wetu, kwa kuchoka kutafuta uongo mpya, akamwambia kwamba mama ana miguu inayovimba, ndiyo maana hafiki kwenye simu. Marehemu akashuka ngazi kumi na saba kumweleza fundi viatu, na yule mzee, mtu wa maneno mawili kwa siku, akasema atamshonea mama viatu laini, ila apate nyayo zake zimechorwa kwenye karatasi na kipimo cha kuzunguka mguu. Kazi hiyo nilipewa mimi, ninayeishi kwa kupima watu. Nilitandika karatasi yangu ya kukatia nguo sakafuni, nikamwambia mke wangu asimame juu yake, nikachora, nikapima, nikatuma. Mke wangu alilia akiwa amesimama pale, nami nikamwambia asitikisike, mstari utapinda.

Viatu vilichukua Jumamosi tano, na kimoja marehemu alikishona mwenyewe kwa kuelekezwa. Alitua kwa likizo Jumapili, tarehe 10 Mei 2015, akafika hapa na boksi mkononi akimwita mama kuanzia getini, na sisi, kama ilivyo ada, tukasema msafiri apumzike kwanza, aoge, ale, mama yuko kwa jirani atakuja. Akala, akatuchekesha, akaongeza chakula. Ndipo baba mkubwa akamwambia. Hakupiga kelele, alifungua boksi, akauliza swali moja tu, "Mguu huu ni wa nani?" Nikamwambia ni wa mke wangu. Akasema basi apewe, viatu havina kosa.

Alikaa siku kumi na tisa, akarudi kazini, na Jumapili saa kumi simu ya nyumba hii haikulia tena, aliwapigia mkewe na bintiye tu, na mimi hakunisemesha mpaka tarehe 1 Januari 2017, aliponiuliza hali ya cherehani. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno, nilimshonea mashati sita.

Mkataba wake ulimalizika na akarejea moja kwa moja tarehe 20 Julai 2021, akafundisha hapa kwa kujitolea, na Februari 2023 akaanza kuugua figo, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye hospitali ya rufaa. Tarehe 12 Oktoba mwaka huu, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, alinishika mkono akaniambia, "Mdogo wangu, mwanangu asifanyiwe kama nilivyofanyiwa mimi, hata kama yuko kwenye mtihani." Nikasema sawa, kaka.

Alifariki Jumatatu iliyopita, tarehe 4 Novemba 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Jumanne kikao kikaketi, mwenyekiti yule yule, na hoja zile zile, kwamba mtoto yuko bweni anafanya mtihani wa mwisho, akivurugika akafeli nani atabeba lawama, tuzike, tumwambie akimaliza. Wazee wangu, katibu wa kikao nilikuwa mimi. Shemeji aliuliza mara mbili kwa nini mwanawe asiambiwe, akaambiwa ajikaze, na mimi niliyemwahidi marehemu niliinamisha kichwa nikaandika kwa mkono wangu, mtoto asiambiwe.

Jana mchana mtoto alipiga kwa simu ya matroni, akaniuliza baba anaendeleaje. Nikamwambia baba amelala. Akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Baba mdogo, amelala kama bibi alivyokuwa amelala?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Sijui nimwelezeje mtu ambaye hajaulizwa swali kama hilo. Leo alfajiri shemeji aliniita chumbani, akaniambia, "Shemeji, siwezi kumzika mume wangu mwanangu akiwa amekaa na kalamu anadhani tunamdanganya, na kweli tunamdanganya." Sikuitisha kikao. Mke wangu aliondoka alfajiri hiyo hiyo na gari la jirani yetu muuza mbao, akamsubiri binti kwenye geti la shule hadi karatasi ya asubuhi ilipokwisha saa tano, akamwambia ukweli palepale, bila kumlisha kwanza. Mtihani wa kesho ataufanya au hataufanya, hilo ataamua mwenyewe, hakuna tena atakayeamua kwa niaba yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, waliomwambia marehemu hali yake bila kumficha, nawashukuru majirani kwa viti, maji na kuni, walimu wenzake wa hapa kwa kumbeba, mkuu wa shule ya binti kwa kutupa ruhusa baada ya sisi kumtumia kwanza barua ya kumzuia asimwambie mtoto, ndiyo, aliniuliza kwa nini familia moja ina midomo miwili. Namshukuru mwalimu wa kemia, aliyetuandikia kwamba leo chumba cha walimu kimenyamaza, na fundi viatu, ambaye nimeambiwa amefunga karakana tangu asubuhi.

Kurasa zangu zimekwisha. Ujumbe wa mke wangu umeingia sasa hivi, wamepita soko, bado dakika ishirini, labda na zaidi kwa vumbi lile. Vijana wa makaburini, naomba mweke kamba chini mkae kivulini. Baba mkubwa, nakuona umesimama, keti mzee wangu, ukiniambia nishuke nitaanza kusoma upya, na mwisho wa maneno yangu hautauona leo.

Kaka, mimi ni mtu niliyekudanganya Jumapili arobaini na nane, na jana nikaanza na mwanao. Kukuambia upumzike kwa amani si kazi ya mdomo huu. Atakuambia yeye, na tunamsubiri.